Kiboko, Mwenyekiti wa Harusi ya Pimbi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Palikuwa na sufuria jikoni."

"Ngapi?"

"Moja!"

"Na wageni?"

"Mia!"

"Ala! Watakula nini?"

Ndiyo hadithi yenyewe hiyo. Kaeni vizuri. Na wewe uliyeegemea mlango, sogea karibu, mlango haujaomba msaada wako.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakioana kwa kadi na vikao vya kamati kama sisi, paliishi Pimbi mmoja kwenye kilima cha mawe. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, mnene kiasi, hana mkia, na akipata jiwe lenye jua humtoi hapo. Huyu jina lake Siwema. Alikuwa amechumbiwa na Pimbi mwenzake wa jiwe la pili, mpole kupita kiasi, aitwaye Kaundime. Harusi ilikuwa Jumamosi, baada ya wiki tatu.

Siwema alimpenda Kaundime. Kaundime alimpenda Siwema. Shida ilikuwa chakula. Nyumbani kwa Siwema palikuwa na sufuria moja kubwa, na mchele wa kuijaza mara moja tu. Ukipakua kwa adabu, unapata sahani mia. Ukipakua kwa kujionyesha, unapata sitini na aibu juu.

Basi kila asubuhi Siwema aliamka, akafunga kitambaa kichwani, akapanga harusi. Kadi? Akaandika kwa mkaa kwenye maganda ya mahindi, moja moja, kwa mkono wake. Akapunguza hapa, akaongeza pale, akacheka, akaendelea. Gauni? Akaazima la shangazi yake, lililokwisha kuvaliwa na mabibi harusi sita, kila mmoja na kiuno chake. Akapunguza hapa, akaongeza pale, akacheka, akaendelea. Keki? Akachagua boga kubwa shambani, akaliahidi kwamba litavalishwa maua kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Boga, mwanangu?" mama yake akashika kiuno. "Watu watasema nini?"

"Watasema keki ilikuwa tamu, mama."

Kadi ya mwisho, ile ya mia, Siwema aliiandika polepole sana. Alipomaliza aliificha chini ya mkeka, wala mama yake hakuiona.

Sasa, ng'ambo kidogo, mtoni, alikaa Kiboko. Huyo sina haja ya kuwaeleza. Mkubwa kama nyumba, tumbo kama nyumba ya pili. Kila mtu alichota maji kwenye mto wake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumnyima mwaliko. Na kila harusi alifika wa kwanza, eti anakuja kuonja. Harusi ya Kuchakuro alionja sufuria tatu. Ngwabu! Ya kwanza. Ngwabu! Ya pili. Ngwabu! Ya tatu. Wageni wakarudi makwao wameshika matumbo, na ndugu wa bibi harusi walikaa mwezi mzima wakichota maji kwa kuvizia, wasikutane na macho ya watu.

Siku moja, Siwema akiwa anapima gauni, ardhi ikatikisika. Du! Du! Du!

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mzee Kiboko. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia kuna harusi. Nasikia kuna pilau. Kadi yangu iko wapi?"

Mama yake Siwema akakaa chini palepale. Akamvuta binti yake pembeni. "Tuahirishe, mwanangu. Tungoje mavuno mengine. Huyu akija tumekwisha."

Siwema akamtazama mama yake, roho ikamuuma. Mavuno mengine ni mwaka mzima. Mwaka mzima wa kumwona Kaundime kwa mbali, yeye jiwe hili, mwenzake jiwe lile, wanapungiana mikono kama wasafiri. Akasema moyoni: siahirishi. Akajifuta macho, akarudi kwa mgeni anatabasamu.

"Mzee Kiboko, wewe kadi ya nini? Kadi ni ya wageni. Mgeni anapewa sahani moja, anakula, anakwenda zake. Mtu kama wewe sahani moja?"

"Hapo umesema," akanguruma Kiboko.

"Wewe nataka uwe Mwenyekiti wa Kamati."

Kiboko akapanua pua. "Mwenyekiti anakula nini?"

"Harusi ikiisha, kamati inavunjwa. Si unajua? Basi siku ya kuvunja kamati, chakula chote kitakachobaki ni cha Mwenyekiti. Chote. Hagusi mtu mwingine hata punje."

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda, masikio yakizunguka fwii, fwii. Akaona: kama kinachobaki ni changu, basi kikiingia kingi, kitabaki kingi. Akacheka mpaka kokoto zikaporomoka kilimani.

"Nimekubali! Kamati ina wajumbe wangapi?"

"Wewe peke yako unatosha."

Kesho yake asubuhi, du! du! du! Kiboko yuko mlangoni kwa Nyani. "Mchango wa harusi!" Nyani akatoa mikungu minne ya ndizi. Du! du! du! Kwa Ngiri. "Mchango wa harusi!" Ngiri akatoa viazi vikuu vikapu viwili. Du! du! du! Kwa Kobe. Kobe akasema anakuja, anakuja, na kweli alifika na maharage yake siku ya nne. Mimi nimezungukwa na wachangishaji wengi maishani mwangu, wenye daftari na wenye maneno matamu, lakini mchangishaji mwenye mdomo wa kuingia mtungi mzima hajapata kunitokea. Hakuna aliyemwambia arudi mwisho wa mwezi.

Vitu vyote akavibeba mgongoni. Njiani akitazama ndizi, mate yanamtoka. Anainua mdomo, ngwa... halafu anajizuia. "La! Nikila leo, Jumamosi nitakuwa nimejiibia mwenyewe." Anafunga mdomo, anaendelea. Mara ya kwanza tangu azaliwe Kiboko akajua kubeba chakula nje ya tumbo.

Siwema akamwambia, "Mwenyekiti, uwanja una mabonde."

Kiboko akajilaza, akagaragara huku, akagaragara kule, uwanja ukawa sawa kama sinia.

Siwema akamwambia, "Mwenyekiti, maji hatuna."

Kiboko akashuka mtoni, akapanda na mitungi kumi kwa mpigo. Na huku nyumbani Siwema akapunguza hapa, akaongeza pale, akacheka, akaendelea.

Jumamosi ikafika. Jua zuri. Gauni la shangazi likamkaa Siwema kama lilishonwa juu yake. Mama yake alipomwona alilia, safari hii kwa furaha, akasahau kuuliza watu watasema nini. Jikoni, Shangazi Nungunungu, mpishi wa harusi zote za kilimani, alikuwa na sufuria ya nyumbani na tatu za kuazima, zote zinatokota. Tokoto, tokoto, tokoto.

Kiboko akaja, ua kubwa jekundu kifuani. Akanyemelea jikoni, akashika upawa. Alikuwa na mpango wake: awapakulie wageni kijiko kijiko, kibaki kingi.

"Weka upawa chini!" Nungunungu akasimamisha miiba yote, kwaaa! "Umeona wapi mwenyekiti anapakua? Unataka watu waseme kamati haina watu? Nenda meza kuu, wanakusubiri uhutubie!"

"Nihutubie?"

"Wewe si ndiye Mwenyekiti?"

Hakuna aliyewahi kumwomba Kiboko aseme neno. Watu walimwomba aondoke tu. Akaenda meza kuu, akasimama, akasafisha koo, hrrrum! Wageni tisini na tisa wakanyamaza.

"Ndugu waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Mimi sina maneno mengi."

Nyie! Mtu akisema hana maneno mengi, mwenye njaa afunge mkanda.

Akashukuru wazazi. Siwema akamkonyeza mama yake, mama akapiga kigelegele, na wanawake wote wakaitikia, ririririri! Kiboko masikio yakasimama. Utamu ule hakuwahi kuuonja. Akashukuru Nyani kwa ndizi. Ririririri! Akashukuru Ngiri kwa viazi. Ririririri! Akaeleza alivyobeba mitungi, mmoja mmoja, wote kumi. Ririririri!

Na huku nyuma ya vigelegele Nungunungu anapakua. Sahani zinapita. Wageni wakala, wakaongezwa. Wakala tena, wakaongezwa tena. Halafu wakaanza kufungasha. Msinitazame hivyo, kana kwamba hamjui kufungasha; mikoba yenu ya harusini naijua. Huyu akafungia watoto ndizi kwenye jani la mgomba. Yule akafungia bibi yake pilau. Kobe akajaza gambani.

"Baada ya kusema hayo machache," akasema Kiboko, na wageni wakapiga makofi, "naomba niongeze hili dogo tu."

Ririririri!

Alipoketi, jua limekwisha kuegemea kilima. Wageni wamecheza, boga limekatwa, kila mtu anang'aa mdomo. Bwana harusi na bibi harusi wamekaa pamoja kwenye jiwe moja, jiwe moja, jamani, si mawili tena. Kaundime amemshika Siwema mkono, anacheka tu.

Kiboko hakutazama hayo. Alikwenda jikoni mbio. Du-du-du-du!

"Navunja kamati!" akatangaza.

Akafunua sufuria ya kwanza. Ukoko. Akafunua ya pili. Ukoko. Ya tatu, ukoko. Ya nne, ile ya nyumbani, ilikuwa imeshaoshwa.

Kiboko akakaa chini, puuu! Ua likamwanguka kifuani. Angeweza kukasirika. Angeweza kulala juu ya nyumba yote ya Pimbi, na hadithi ingeishia hapo. Lakini alikuwa amechoka, na koo limemkauka, na bado masikioni mwake vigelegele vinalia. Akasema kwa sauti ndogo, ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, "Siwema, umenidanganya."

Siwema akaja na gauni lake ameliinua kwa mkono mmoja. "Nilisema kitakachobaki ni chako, Mzee. Sikusema kitabaki nini."

"Kwa hiyo mimi sili?"

Siwema akaingiza mkono chini ya mkeka wa jikoni. Akatoa ganda la mahindi. Limeandikwa kwa mkaa: Mzee Kiboko, wa Mtoni. Mgeni wa mia. Kisha akamletea sahani iliyofunikwa kwa kawa. Ndani mna pilau, kipande cha boga na ndizi moja mbivu. Sahani kama ya Nyani. Sahani kama ya Ngiri. Sahani kama ya kila mtu.

"Nilikuandika kabla hujapiga hodi," akasema. "Lakini ningekupa kadi, ungekuja na tumbo. Nikakupa cheo, ukaja na mgongo. Kula, Mzee. Ni yako tangu siku ya kwanza."

Kiboko akaitazama sahani. Ilikuwa ndogo hata kwa jino lake moja. Kwa sababu ilikuwa ndogo, hakuimeza. Akala punje kwa punje, taratibu, amefumba macho. Mara akafumbua.

"Shangazi Nungunungu!"

"Nini tena?"

"Kumbe pilau ina iliki?"

Jiko zima likaangua kicheko, na yeye Kiboko akacheka kuliko wote, mpaka kokoto zikaporomoka tena. Harusi zote alizokula, miaka yote hiyo, hakuwahi kuonja pilau. Alikuwa akiimeza tu.

Tangu siku ile, ukitaka kuoa au kuolewa nchi ile, hutafuti mwenyekiti. Unakaa kwako, unasikia du, du, du, na hodi mlangoni. "Nasikia kuna harusi. Mchango nimeshaanza kukusanya. Hotuba yangu itakuwa fupi."

Mmesikia funzo? Funzo ni hili: binti anayeolewa asipange chochote. Atulie ndani apakwe hina, mambo makubwa awaachie wakubwa wenye matumbo na sauti, kwani bila Mwenyekiti harusi ya Siwema isingefana. Muulizeni Kiboko, atawathibitishia. Ila muwe mmeshakula.

Hadithi yangu imeiva, nimewapakulia yote. Waliobaki na njaa, ukoko uko jikoni, wakwangue wenyewe.