Swichi ya Feni na Uso wa Naanjela

Hapo zamani, na si zamani sana, maana magari yalishakuwa na viyoyozi na simu zilishapanda milimani, palikuwa na dereva mjini Morogoro aliyeitwa Senkondo. Kazi yake ilikuwa kuwarudisha watu kwao. Abiria wake hawakumuuliza watafika saa ngapi, kwa sababu alikuwa akibeba maiti. Nyuma ya gari, palipolazwa jeneza, palitengwa kwa kioo na palikuwa na tundu lake la kiyoyozi, ili marehemu asafiri kwenye baridi.

Basi gari lile likapata ugonjwa. Likitembea, baridi. Likisimama, joto. Msiusahau ugonjwa huo, maana kisa chote kimo humo.

Senkondo akalipeleka kwa fundi Kupaza, mjaza gesi. Na sisi tunajijua: kiyoyozi kikipiga chafya tu, tunasema gesi imeisha. Tunakwenda kwa fundi kama mgonjwa aliyekwisha kujiandikia dawa. Senkondo hakusema likitembea baridi, likisimama joto. Alisema, "Fundi, niongezee gesi." Kupaza akaongeza gesi. Kisha wakalizungusha mtaani kulijaribu, na kwa kuwa lilikuwa linatembea, likatoa baridi ya kugonganisha meno. Wakaagana kwa furaha.

Wiki ileile akafariki Naanjela, binti wa Bibi Nakundwa wa milima ya Upare. Mama na binti walikuwa wamegombana, na binti hakukanyaga nyumbani miaka kumi na mmoja. Walikuwa wameanza kupatana kwa simu ndipo homa ikamchukua. Bibi Nakundwa akampigia mwanawe Eliamini, aliyekuwa na marehemu hospitalini, akamwambia maneno mawili. La kwanza, dada yako asidungwe dawa ya kuhifadhi maiti, tangu mtoto alikuwa anaogopa sindano. La pili, jeneza nilifungue mwenyewe, nataka kumwona uso nimwombe radhi.

Maiti isiyotiwa dawa, safari ya kutwa nzima juani. Kinga yake ilikuwa kile kiyoyozi tu. Eliamini alimweleza Senkondo yote hayo, na Senkondo akakubali, kwa maana hakuwa mtu wa kukimbia msiba.

Jioni ya kuamkia safari akaliwasha gari uani, limesimama, akatia mkono nyuma. Joto. Akalikimbiza kwa Mwanaidi, fundi wa umeme wa magari, na safari hii alipoulizwa linafanyaje, akasema kama lilivyo: likitembea baridi, likisimama joto.

Mwanaidi akasema, "Hiyo si gesi, kaka. Hiyo ni feni."

Akafunua boneti, akawasha kiyoyozi, akangoja. Feni haikuzunguka. Akachukua nyaya mbili akaiunga feni moja kwa moja na betri, nayo ikazunguka kwa kishindo. Basi feni ilikuwa nzima, kilichokufa ni rilei, kile kidude kinachoiamuru iwake yenyewe. Gari likitembea, alimweleza, upepo wa njiani unafanya kazi ya feni, kwa hiyo ugonjwa unajificha. Likisimama, feni ndiyo upepo. Ikikosekana, kiyoyozi kinatema joto, na ukikaidi, injini nayo inachemsha.

Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa, na safari ilikuwa alfajiri. Mwanaidi akavuta waya hadi chini ya usukani, akafunga swichi, akamwonya kwamba feni sasa ni swichi ile: ukiwasha gari iwashe, ukizima gari izime isimalize betri. Senkondo akayarudia maonyo yale mara tatu kama mtoto wa madrasa.

Wakaondoka alfajiri, Senkondo usukanini, Eliamini kando yake, Naanjela nyuma. Likitembea, baridi. Likisimama, baridi vilevile, maana feni ilinguruma tangu walipotoka. Senkondo alikuwa akiigusa swichi kila baada ya muda, kuhakikisha.

Njia panda ya Segera ndugu wa Tanga walikuwa wakiwangoja wamwombee marehemu. Wakalizunguka gari. Mchungaji akafumbua kinywa, lakini feni ikammeza sauti. Mama mmoja mzee akaweka mkono sikioni. Eliamini akaona aibu, akainama dirishani.

"Kaka, zima hicho kinachonguruma," akasema. "Tumwombee dada kwa utulivu."

Senkondo akaizima swichi. Hata yeye aliona ni heshima. Wakaomba, wakaimba beti mbili, wakalia, wakaondoka. Na swichi ikabaki ilivyo.

Je, gari lilimkumbusha? Halikumkumbusha. Lilikuwa linatembea, na likitembea, baridi.

Mbele ya Mkumbara barabara ilikuwa inatengenezwa, magari yakipita kwa zamu. Wakasimama foleni juani. Senkondo akaliacha gari likiwaka kusudi marehemu asikose baridi, akashuka na Eliamini kukaa kwenye kivuli cha lori, akimsikiliza akisimulia alivyofundishwa na dada yake kusoma saa. Akamsikiliza nusu saa nzima. Aliposikia watu wakipiga kelele aligeuka akaona mvuke unatoka kwenye boneti, na hapohapo akaikumbuka swichi.

Maji yakimwagika hayazoleki, na yale ya rejeta yalikuwa yamemwagika barabarani. Injini ilikufa, na kiyoyozi kikafa nayo. Gari jingine likafika baada ya kungojwa saa sita, na zilikuwa saa sita za jua la tambarare.

Walipofika kwa Bibi Nakundwa, wazee walifungua jeneza kidogo, wakalifunga upesi. Wakamwambia, mama, mkumbuke alivyokuwa. Bibi Nakundwa akaweka kiganja juu ya mbao, akazungumza na mbao. Senkondo alisimama nyuma ya watu, na alitamani ardhi imfunike yeye kwanza.

Siku ya arobaini akapanda tena milimani, na safari hii aliwachukua Kupaza na Mwanaidi, kwa sababu alikuwa amewasimulia na wote wawili walikuwa hawalali. Bibi Nakundwa akawakalisha pamoja na Eliamini. Akachota kata moja ya maji.

"Nimechoka kuwakasirikia watu wanne," akasema. "Aliyeninyima uso wa mwanangu ainywe kata hii mkononi mwangu, nimsamehe, yaishe. Kata ni moja. Semeni ni ya nani."

Kupaza akasema, "Ni yangu, mama. Nilijaza gesi bila kuuliza gari linaumwa nini. Ningeuliza siku ile, rilei ingenunuliwa maduka yakiwa wazi."

Mwanaidi akasema, "Ni yangu. Ningeweza kuiunga feni iwake pamoja na gari, isiwe na swichi. Niliogopa waya usiungue njiani. Nikautegemea mkono wa mtu, nao mkono husahau."

Eliamini akasema, "Ni yangu. Sikujua kinachonguruma ni nini, wala sikuuliza. Niliona aibu mbele ya watu."

Senkondo akasema, "Wanasema kwa kunihurumia. Nilionywa, nikajua, nikazima, nikasahau. Isitoshe, ni mimi niliyemdanganya fundi kuwa ni gesi. Nipe mimi, mama."

Akanyoosha mikono. Lakini mama hakumpa. Alikuwa akimtazama Eliamini, na Eliamini akainamisha kichwa, kwa sababu kulikuwa na neno ambalo mtoto hawezi kumwambia mama yake.

Bibi Nakundwa akalisema mwenyewe. "Kule hospitali walitaka kumtia dawa. Ni nani aliyekataa?"

Kata ikabaki mkononi mwake, imejaa.

Basi wenzangu, maji ni ya mtu mmoja, na kisa mmekisikia chote, likitembea na likisimama. Mimi nimekitafakari nimeshindwa. Nisaidieni: kata ile ni ya nani? Na ikiwa ni ya yule aliyeishika, nani atamnywesha?