Simba Asiyewahi Kuharibika

Kaeni, wapendwa, kaeni vizuri. Mliosimama mlangoni sogeeni, hapa mbele pana nafasi. Benchi la mbele halijawahi kumng'ata mtu. Leo tumeleta mavuno, kwaya zimeimba mpaka mapaa yametikisika, na naona nyuso zimechangamka, kwa hiyo sitawachosha kwa maneno mengi. Nitawapa kisa. Ni cha kutunga, msianze kugeuka mkitafuta ni jirani gani ninayemsema.

Kulikuwa na mkunga mmoja katika nchi ya milima kama hii yetu, nchi ambako viazi vinastawi, migomba inastawi, ng'ombe wanatoa maziwa, na kitu pekee kisichostawi ni barabara. Zahanati yake ilikuwa bondeni, na kina mama wengi aliowahudumia walikaa huko juu. Kiangazi alipanda kwa miguu akafika. Masika ndiyo ilikuwa kazi. Gari linanasa, bodaboda inateleza, na mwanamke mwenye uchungu hawezi kuambiwa asubiri matope yakauke. Masika yaliyopita aliitwa, akapanda mlima kwenye mvua, akafika mtoto ameshazaliwa na ameshafariki. Hakupenda kulizungumza jambo hilo. Lakini tangu siku hiyo kila wingu lililokusanyika mlimani lilimkosesha raha.

Wanakijiji wakaona hapana, hatuwezi kwenda hivi. Wakachanga, kila nyumba kwa kadiri yake, wakamwambia mkunga akachague pikipiki ya matairi manne, zile zinazokanyaga matope na kupanda mlima kama mbuzi. Wakamsihi achague ile isiyoharibika. Naye akaapa moyoni kwamba hatanunua chombo cha kumwacha njiani, kwa sababu alijua njiani kuna nini.

Sasa, zile pikipiki zinatengenezwa na makampuni mengi, na kila kampuni inajisifu. Mimi hapa sitataja jina la kampuni yoyote, katibu wetu asije akapokea barua ya mwanasheria. Za kwenye kisa changu tuziite Nyati, Punda na Simba. Pale wilayani zilikuwepo za aina hizo tatu, na mnavyotujua watu wa milimani kwa ubishi, kulikuwa na wa Nyati, wa Punda na wa Simba, na walikuwa wanaweza kubishana msibani mpaka maiti akasubiri. Mkunga akaona asiwasikilize wabishi. Akaamua kwenda kwa wenye nazo, mmoja mmoja, na swali moja tu: imewahi kukuharibikia?

Akaanza kwa mwenye Nyati, mfanyabiashara wa viazi. Nyati mwenyewe hakuwepo nyumbani, alikuwa gereji. Mkunga akauliza imekuwaje, akaambiwa kosa ni la mafuta, yalichanganywa na maji. Na mara ya kabla ya hapo? Kosa lilikuwa la dereva. Na kabla ya hapo? Barabara. Na kabla ya hapo kulikuwa na jirani mwenye jicho baya. Kosa lilikuwa la kila mtu isipokuwa Nyati. Mkunga akashukuru, akaaga.

Akaenda kwa mwenye Punda. Huyu alikuwa mkusanya maziwa, anazunguka milimani na madumu kila siku ya Mungu, kiangazi na masika. Mkunga alipomwona Punda nusura acheke. Madigadi moja imefungwa kwa mpira uliochanwa kwenye tairi la ndani, taa moja haipo, silensa imechomelewa juu ya mchomeleo mwingine. Akauliza swali lake. Mkusanya maziwa akacheka yeye, akasema labda aulizwe ni wapi haijamharibikia. Akamwonyesha kwa kidole: hapa ilivunjika kwenye daraja la miti, hapa ni siku alipompeleka bibi mmoja mgonjwa hospitali, hapa ni siku alipobeba jeneza la mtoto wa mwalimu, mvua ikiwa imefunga njia zote. Mkunga hakusikia hayo mengine. Alisikia kuharibika tu. Akatikisa kichwa, akaaga.

Mwisho akafika kwa mwenye Simba, mzee mmoja mstaafu, mtu mwema, mtoa sadaka, mwenye nyumba ya vioo nusu ya kupanda mlima. Mzee akamkaribisha, akaagiza chai, kisha akampeleka bandani. Simba alikuwa amefunikwa shuka jeupe. Mzee akalifunua taratibu kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Ndugu zangu, yule Simba alikuwa anang'aa! Matairi meusi tii. Kiti bado kina nailoni ya dukani.

Mnacheka? Haya, nyoosheni mikono, nani hapa godoro lake bado lina nailoni? Nani ana vikombe kabatini ambavyo watoto wake wamekua, wameoa, wamehama, na hawajawahi kuvinywea chai? Mama, usimtazame mwenzio, nasema na wewe. Ndivyo tulivyo. Tukipenda kitu tunakifunika.

Mkunga akauliza swali lake. Mzee akajinyoosha, akasema, "Mwanangu, tangu niinunue, haijawahi kuharibika hata siku moja. Wewe kanunue Simba, kizuri chajiuza. Hao kina Punda ndio wale wa kibaya chajitembeza."

Moyo wa mkunga ukatulia. Amepata. Wakarudi ndani kunywa chai, na kabla kikombe hakijaisha mvua ikaanza, ile mvua ya kwetu isiyopiga hodi. Na simu ikaita. Kule juu kabisa, karibu na msitu, binti mmoja mwenye mimba ya kwanza ameshikwa na uchungu kabla ya wakati, na mama mkwe wake anasema anaona damu.

Mkunga akasimama. Na yule mzee, nisimsingizie, hakusita hata kidogo. Alisema leo ndiyo utamjua Simba ni nani, akachukua funguo, wakakimbia bandani. Shuka likatolewa. Nailoni ikadondokewa na matone ya mvua, mzee akajifanya hajaona. Akapanda, akageuza ufunguo, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akashuka, akaizunguka, akaipapasa, akapanda tena, akabonyeza kwa dole gumba la mkono mwingine, kana kwamba shida ilikuwa kidole. Kimya, mvua tu inapiga bati.

Mkunga akamwuliza kwa upole, "Baba, imeharibika?"

"Haijaharibika," mzee akasema. "Haijawaka tu."

Betri ilikuwa imekufa zamani. Na walipoinua kiti waone chujio la hewa, wakakuta nyasi, pamba, vipande vya gazeti vimetafunwa vizuri, na katikati panya na watoto wake, wekundu, wamelala hawana habari. Yaani wapendwa, chombo cha kuwasaidia wazazi kilikuwa kimeshamsaidia mzazi mmoja, na mzazi mwenyewe ni panya!

Chekeni, lakini mkumbukeni yule binti kule juu. Mkunga hakucheka. Alijifunga kanga kichwani, akashika mkoba wake, akaanza kupanda kwa miguu, na kila hatua alimkumbuka yule mtoto wa masika yaliyopita. Alikuwa analia waziwazi, maana kwenye mvua nani atakuona?

Ndipo akasikia mlio nyuma yake. Ni Punda, anakohoa, anatoa moshi, madumu yanagongana. Mkusanya maziwa hakuuliza mengi. Akashusha madumu pembeni, akampisha mkunga akae. Nanyi semeni kweli, kama ni wewe ungepanda? Chombo ambacho mwenyewe alishakuonyesha kila kilipovunjika? Mkunga alipanda kwa sababu hakukuwa na kingine, na alipanda akiwa amekunja uso.

Wakaenda. Matope yakaruka mpaka mdomoni. Wakavuka kijito, wakapita migomba, wakafika kwenye ule mwinuko mkali ambao hata ng'ombe huupanda kwa mshazari. Hapo Punda akakohoa, akatetemeka, akazimika.

"Nilijua," mkunga akasema.

"Hata mimi nilijua," mkusanya maziwa akamjibu. "Huwa inazimikia hapa. Subiri kidogo, mama."

Akapiga honi. Hakupiga kwa nguvu, alipiga kama mtu anayebisha hodi kwa jirani yake. Na milango ikafunguka. Mama mmoja akatoka na mwiko mkononi, ameacha ugali jikoni. Babu mmoja akatoka amevaa viatu visivyofanana. Vijana wakaja na kamba, wengine na majembe ya kuchimbia tairi. Hakuna aliyeuliza kuna nini, maana wote waliijua ile honi. Huyu maziwa yake yalibebwa na Punda. Yule mama yake mgonjwa alishushwa na Punda. Yule mwingine hajabebewa chochote, amekuja kwa sababu wenzake wamekuja. Wakafunga kamba, wakaanza kuimba, wakasukuma, wakateleza, wakacheka, wakasukuma tena. Mkunga akashuka kusukuma, wakamrudisha juu, wakamwambia wewe tunza mikono yako, ina kazi. Walipofika pa tambarare mkusanya maziwa akatoa plagi, akaifuta kwa shati lake, akaipuliza, akairudisha. Punda akawaka. Watu wakapiga vigelegele kwenye mvua kama kwenye arusi.

Mkunga akafika. Kazi ilikuwa ngumu, sitawaambia yote, kuna watoto hapa. Lakini mama alipona na mtoto akalia, tena akalia kwa sauti ya kwanza ya kwaya. Wasukumaji waliokuwa wamefuata nyuma kwa miguu wakataka aitwe Punda. Bibi yake akakataa katakata. Akaitwa Tusekile, yaani tumefurahi.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Kamati ya kijiji ilipokaa, kila mtu alijua mkunga atasema nini. Wa Punda walishaanza kuwazomea wenzao. Na nyinyi hapa mmeshajua, si ndiyo? Naona mnatikisa vichwa. Mkunga akasimama, akasema, "Ninamtaka Simba. Tena yule yule wa mzee."

Mwenyekiti akamwuliza kama mvua imemwingia kichwani. Mkunga akawaeleza kwamba fundi alishafika kwa mzee, akawatoa panya, akaweka betri mpya, na Simba akanguruma palepale. Akawaambia, "Chombo hakina kosa. Kilikosa safari."

Na mzee alikuwepo kikaoni. Akainuka, akasema Simba mchukueni, mimi nilikuwa ninakilinda kitu ambacho hakikuwa kinatishwa na mtu. Wanasema nailoni ya kiti aliichana kwa mikono yake mwenyewe, na ilimuuma kama anachana shati la arusi. Baada ya masika hayo Simba alikuwa amevunjika madigadi, amepoteza taa, amefungwa mpira kila mahali. Na kila anapozimika karibu na ile nyumba ya vioo, wa kwanza kutoka kusukuma ni yule mzee, na viatu vyake vinavyong'aa.

Ndugu zangu, na sisi je? Sisi kazi yetu ni kulinganisha kampuni. Dhehebu letu na lao. Kwaya yetu na yao. Mtaa wa juu na mtaa wa chini, nani wana imani imara zaidi. Mbingu inatuangalia tunabishana kama watu wa Nyati na wa Punda, na yule binti bado yuko kule juu anavuja damu.

Kuna mtu hapa, na ninampenda, anayejisifu kwamba tangu aokoke hajawahi kugombana na mtu, hajawahi kulaumiwa, hajawahi kuchafuliwa jina. Ni kweli, baba. Ni kweli, mama. Hujawahi kulaumiwa kwa sababu hujawahi kushika kazi. Hujawahi kuumizwa na mgonjwa mkorofi kwa sababu hujawahi kumwogesha mgonjwa. Imani yako haijaharibika. Haijawaka tu.

Na kuna mwingine amekaa nyuma kabisa, ana aibu. Ulijaribu ukaanguka. Ulimsaidia ndugu yako akakugeuka, ulianzisha kikundi kikafa, uliomba kwa machozi na sauti ikakukauka katikati. Unajiona chombo kibovu. Wewe njoo mbele, wapendwa mpisheni njia. Ulizimika ukiwa unapanda. Hilo si jambo la aibu, hilo ni jambo la sisi kutoka majumbani na kamba.

Siku ile tutakayosimama mbele za Bwana, sidhani kama atainama kutafuta mikwaruzo. Mikwaruzo ataiona, na atajua kila mmoja ulipatikana kwenye mlima gani. Mimi ninaogopa asije akauliza swali jingine, na mimi mchungaji wenu nikiwa wa kwanza kwenye foleni, safi, ninang'aa, sina la kujibu: ulikwenda wapi?

Tusimame. Mavuno haya yaliyo mbele hapa hayalali kanisani. Mama mzee wa kule ng'ambo ya kijito hajaonekana Jumapili nyingi, na mvua imeshaanza. Nani ananyanyua gunia hili twende?