Vipande Sita vya Nguru

Mjukuu wangu Mwantumu, wa kidato cha pili, alipika vipande sita vya nguru. Mimi, mwenye elimu ya darasa la nne na tumbo la chuo kikuu, nikamwambia, "Mke mwenzangu, leo gawa kwa umri."

"Una sabini, Bibi, mimi kumi na nne. Huo ni uwiano wa tano kwa moja. Wewe vitano, mimi kimoja."

Hesabu haikuwahi kunipendeza kama siku hiyo.

"Basi ndiyo sheria ya nyumba?" akauliza. "Tusije tukageukana."

"Ndiyo sheria. Nani wa kuigeuza?"

Akafunika chungu, akaniletea ndoo. "Pipa linataka ndoo sita kabla hatujala. Moja yangu, tano zako."

Nikafikiria kisima kule bondeni, nikayatazama magoti yangu.

"Na huo uwiano," nikasema kwa upole nisiouzoea, "haubadiliki?"

"Ukisema wewe, unabadilika."

Nikasema sawa kwa sawa. Nikapandisha ndoo tatu nikihema, nikala vipande vitatu. Hadi jana yake, ndoo zote sita zilikuwa zake.