Mikono Yenye Mafuta

Wapendwa katika Bwana, tulieni. Mama mwenye mtoto anayelia, usitoke naye. Neno hili ni lenu pia. Nanyi mlioketi karibu na mlango, sogeeni ndani, maana leo nataka tuone haya pamoja.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyependa kusoma kuliko kula. Hakuzaliwa na mapenzi hayo, alipewa. Akiwa kijana wa kuchunga mbuzi, mjane mmoja jirani alimkuta amekodolea macho kipande cha gazeti kilichonasa kwenye miiba. Akaingia ndani, akamletea kitabu cha hadithi kilichonuka moshi, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa gunia. Kijana alikuwa ametoka kukamua, na mikono yake haikuwa safi. Mjane hakuitazama. Alisema tu, "Kisome, mwanangu. Ukimaliza, mpe mwingine."

Kitabu kile kilimfungulia dunia. Kilimvuta hadi kingine, na hicho kikamvuta hadi kingine, hata akawa mzee mwenye nyumba, na sebuleni kabati la vioo lililojaa vitabu. Kila kimoja alikivika karatasi ya kaki. Kabati alilifunga, ufunguo akautia mfukoni. Wageni waliruhusiwa kutazama.

Lakini kile cha mjane kilimtia aibu mbele ya vile vipya. Mnajua maandazi mtaani kwetu hufungwa kwa karatasi za namna gani. Basi akakichukua, pamoja na magazeti ya zamani, akampa mama muuza maandazi wa pale kona, akichane awafungie wateja.

Siku si nyingi, mama yule akabisha hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeniletea maandazi?"

"Hapana, mzee. Kile kitabu nilikionea huruma kukichana. Nimekisoma polepole mpaka nimekimaliza. Naomba uniazime kingine, nitakirudisha."

Mzee akamtazama vidole. "Mama, mikono yako ina mafuta."

"Nitanawa."

"Mafuta hayo hayatoki kwa kunawa. Wewe endelea na maandazi yako."

Mama akaificha mikono ndani ya kanga, akaaga kwa adabu.

Ndugu zangu, ni nani aliyemfundisha mzee huyu kukagua mikono ya watu? Ni yule mjane?

Masika yalipopita, mzee akatamani kusoma tena vitabu vyake. Akafungua kabati, akavuta kimoja. Kikaja chepesi mno. Kaki ilikuwa nzima. Ndani mlikuwa na udongo. Mchwa walipanda ukutani, wakaingia kwa nyuma, wakala kurasa zote, wakamwachia majalada ili aendelee kujiona tajiri. Akavuta kingine, na kingine. Vyote vumbi. Mana ambayo watu wa kale waliiweka akiba jangwani iliota funza kabla hakujapambazuka; yake ilioza polepole, naye akiwaonyesha wageni.

Akatoka bila kunawa, akaenda hadi kona. Mama alikuwa anakaanga. Kwenye benchi, dereva mmoja wa bodaboda alikuwa akiwasomea wateja.

"Rudia hapo, umeruka," mmoja akasema.

"Sijaruka. Ulikuwa unatafuna."

Mzee akakitambua kitabu kwa uzi wake wa gunia. Kurasa zilikuwa na alama za vidole vya mafuta, vidole vya watu wengi.

Mzee akasogea karibu na karai, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, naomba uniazime."

Mzee akakumbuka udongo wa mchwa uliojaa vidoleni mwake, akaificha mikono nyuma. Mama hakuitazama. Alifuta yake kwa kanga, akamwomba dereva kitabu, akakitoa kwa mikono miwili.

"Chukua, mzee. Ukimaliza, mpe mwingine."

Hakuna aliyemfundisha mama yule maneno hayo.

Sasa ni sisi. Neno tumelivika mifuko ya ngozi yenye zipu. Jumapili tunalitoa likinukia manukato, jioni tunalirudisha kabatini. Je, tukilifungua, tutakuta kurasa au udongo? Sisi nasi tulipewa. Bibi alitusomea, mwalimu wa kanisa alituvumilia tukisoma kwa kukwamakwama, na hakuna aliyekagua vidole vyetu. Bwana wetu alimgusa mkoma kabla hajatakasika. Lakini jirani alipotubishia hodi, tulisema: huyu mlevi, huyu hajaolewa, huyu hata kusoma hajui vizuri.

Mioyo ikiwachoma, msiogope. Petro alitoka nje akalia kwa uchungu, na bado alikabidhiwa kondoo. Lakini aibu inayoishia kwenye kuinamisha kichwa hapa, kisha tukatoka tukiongea habari za chakula, hiyo haimwokoi mtu.

Basi leo, ukifika nyumbani, fungua kabati lako. Usitoe kile unachokionea haya. Toa kile unachokipenda. Nenda kwa yule uliyemfukuza. Na akikufungulia mlango, usimtazame mikono.