Chui Aliyelamba Sakafu

Wewe unayebetua mdomo hapo, hata sijaanza umeshabisha! Ulikuwepo? Hukuwepo. Basi nyamaza. Haya wengine, niwape nisiwape?

— Tupe!

Ya ulimi au ya ubao?

— Zote mbili!

Basi kaeni vizuri, msije mkaniangukia.

Alikuwepo Kindi, mwili wa kujaa kiganja, mkia wa kujaa mlango. Mama mkwe wake alikataa katakata kulala kwenye tundu la mti. Anataka sakafu ya mbao, kama watu! Kindi akaenda kwenye ukumbi wa harusi uliobomolewa, akaokota mbao za sakafu, akazipanga nyumbani kwake. Lo, zilikuwa na vanishi! Vanishi kuukuu, nyeusi, ngumu kama moyo wa huyo mkwe mwenyewe. Akamwaga maji moto ya magadi, shwaa! Ikalainika, ikawa gundi, lakini kutoka haitoki. Akapiga msasa, kwaru kwaru! Msasa ukajaa uchafu, ukateleza kama sabuni. Na mkwe anakuja siku hiyohiyo.

Mara mlango ukasukumwa. Chui.

"Kindi, nina njaa. Sogea nikutafune."

"Karibu, mjomba. Miguu umepangusa?"

Chui akapangusa miguu.

"Sasa sogea!"

"Nasogea, mjomba. Ila mimi ni manyoya matupu, tonge moja nimekwisha. Na hiyo karamu unayoikanyaga unamwachia nani?"

"Karamu gani?"

"Si mbao za ukumbi wa harusi hizo! Pilau imemwagika humo, mafuta ya mbuzi yamemwagika humo, yote yamezama. Vanishi ni kifuniko tu. Kinatoka kwa ulimi wa kukwaruza. Ngoja nikamwite Simba."

"Simba! Ulimi wa Simba si kitambaa laini ule?"

Chui akainama. Kwaru, kwaru, kwaru! Akalamba ubao wa dirishani, ukabaki mweupe kama nazi.

"Mbona chungu?"

"Karafuu hizo, mjomba. Endelea mbele."

Kwaru, kwaru, kwaru! Akalamba ubao wa katikati.

"Mbona inanata?"

"Supu ya makongoro hiyo, mjomba. Endelea mbele."

Kwaru, kwaru, kwaru! Akalamba ubao wa mlangoni.

"Mbona... mmm..."

Meno ya juu yameshika ya chini. Vanishi imemkaukia mdomoni.

"Unasemaje, mjomba?"

"Mmmm!"

"Utamu umekuzidi? Pale chini ya kabati umeacha doa."

Chui akamrukia amng'ate. Akamsukuma kwa pua, akamsukuma kwa shavu, akamsukuma kwa kidevu. Mdomo haufunguki! Kindi akabaki mzima, ameloa jasho la Chui tu.

"Ala! Mjomba, unanibusu?"

Chui akatoka kwa aibu, meno yanang'aa kama kabati jipya. Mlangoni akapishana na mama mkwe. Mama mkwe akamtazama, akaitazama sakafu, akasema, "Huyu fundi wako nimempenda. Hana maneno mengi."

Fundisho ni hili: semeni kweli daima, kama Kindi. Na mgeni akija kwenu ana njaa, mlisheni mpaka akose la kusema.

Hadithi imefika mlangoni, nami nimefika. Mwenye swali amuulize Chui. Mimi huyo, natoka.

Pa!