Kwa Nini Pono Hupiga Hodi kwa Meno

Wakati huo mawe ya baharini yalikuwa yakiitikia. Msiniangalie hivyo, nimesema yalikuwa yakiitikia. Samaki hakuingia tundu la mwamba kama mwizi. Alisimama nje, akapiga hodi, na jiwe likamjibu, "Karibu." Jiwe lililojibu lilikuwa jiwe hai, lenye kukua, lenye kuficha watoto na kupunguza nguvu za mawimbi. Lisilojibu lilikuwa jiwe tu, na samaki mwenye akili zake hakumlaza mwanawe humo.

Aliyelishikilia jambo hili kuliko wote alikuwa Pono. Siku hizo Pono alikuwa na meno madogo madogo kama samaki wengine, na sauti ya kusikika mpaka pwani, maana samaki na watu walikuwa wakielewana kwa maneno. Kusikilizana ni jambo jingine, nanyi mtaliona. Alikaa kwenye mwamba wa Matanuuni, kwa Bibi Tumbawe, jiwe hai aliyemlea tangu akiwa mdogo wa kupita tundu la sindano. Kila asubuhi alikula majani yaliyoota mgongoni kwa Bibi, akamsafisha akang'aa, huku akilalamika. Kulalamika kulikuwa nusu ya kazi yake, wala hakuifanya kwa uvivu.

Na alikuwa na la kulalamikia. Watu wa Matanuuni walikuwa wachoma chokaa. Maji yakitoka sana walishuka na mitaimbo, wakaubandua mwamba vipande vipande, wakavipanga juu ya kuni wakavichoma, kisha wakapaka nyumba zao zikawa nyeupe pe. Nyumba zilipendeza kweli. Mwamba ukaisha. Akabaki Bibi Tumbawe peke yake katikati ya mchanga, na samaki wengi wakahama. Madema, ile mitego ya kusuka mnayoiona mpaka leo, yakawa yanashushwa matupu na kupandishwa matupu.

Ndipo Faki Mcha, mkuu wa wavuvi, alipoingia maji ya magoti akamwita Pono.

"Bwana Pono, hujambo?"

"Sijambo ya wapi, na mwamba mmeumaliza?"

"Ndilo lililonileta. Tumekaa, tumezungumza. Tunataka samaki warudi."

"Basi acheni kuchimba."

"Hilo la kuacha tutakuja kulizungumza," alisema Faki. "Tulilokubaliana sisi ni kujenga. Tuutengeneze mwamba mwingine kwa mikono yetu, tuushushe hapo mchangani."

Pono alizunguka mara mbili pale alipokuwa, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kumeza tusi. Mtu anakubomolea nyumba, halafu anakuja na furaha usoni kukuambia atakujengea nyingine, na bado mtaimbo ameushika mkononi! Lakini hakukataa. Bibi Tumbawe alikuwa mzee, na hapakuwa na jiwe jingine linaloitikia Matanuuni nzima. Kila mwaka aliwaachia watoto wake majini, wadogo kama vumbi, wakatafute mahali pagumu pa kukaa. Hawakupaona. Walitua mchangani, wakafukiwa, wakafa. Bibi akienda bila kuacha mtoto, basi mwamba wa Matanuuni umekwenda naye, na hakuna atakayeujua tena. Hilo ndilo lililomkubalisha Pono, si maneno ya Faki.

"Haya, nisikilizeni," alisema. "Leteni vitu vizito vyenye matundu. Viwekeni mbali na Bibi. Chochote kinachoelea au kubiringika kibaki kwenu. Mkimaliza, msitege hapo mpaka nipige hodi na jiwe lenyewe liitike. Mmesikia?"

"Tumesikia."

Kusikia, walisikia.

Siku ya kazi kijiji kizima kilishuka pwani na ngoma. Waliotangulia walileta mawe ya shambani, vinu vilivyopasuka na mawe ya kusagia yaliyolika, na Pono akaanza kufikiri kwamba pengine aliwaonea. Kisha wakaja wengine. Yaani mtu ukimwambia kuna mahali pa kuweka kitu kisichomfaa, hasikii tena neno jingine. Yakaja majamvi yaliyooza. Ukaja mlango uliotafunwa na mchwa. Akaja Bi Shumbana, mke wa Faki mwenyewe, na wanaume wanne wamejitwika kitanda.

"Bi Shumbana," Pono alimwita, "hicho nini?"

"Kitanda, mwanangu."

"Nakiona kuwa ni kitanda. Mimi nimeomba vitu vizito."

"Hiki kizito! Nimekilalia miaka thelathini, uzito wake naujua mimi. Na matundu kinayo, tazama kamba zilivyokatika."

"Nimeomba mwamba, jamani, sikuomba mhamie humu!"

Bi Shumbana alicheka, akasema Bwana Pono ana maneno. Kitanda kikashushwa. Na kwa kuwa wanaume walikuwa wamechoka na jua limekuwa kali, hawakukipeleka mbali. Walikiacha hatua chache tu kutoka kwa Bibi Tumbawe.

Lakini ukweli lazima usemwe, hata kama unamuudhi Pono. Lile rundo lilifaa. Wiki ya kwanza tu tasi wachanga waliingia ndani ya vinu, na wakubwa waliotaka kuwala wakabaki nje wanatazama. Wenye majuya ya kukokota waliacha kupita hapo kwa kuogopa nyavu zao kuchanika, na majani ya chini yaliyokuwa yakikwanguliwa kila siku yakapata kuota. Mawimbi nayo yalifika pwani yamepungua nguvu. Wiki ya pili wakaja changu, wakaja chewa. Mtu akichungulia kutoka kwenye ngalawa aliona samaki wamejaa tele, na watu wa Matanuuni walipiga vigelegele kwamba bahari imezaa.

"Imezaa nini?" Pono aliuliza. "Huyo changu mwenye kovu ni jirani yangu, alikuwa kwa Bibi Tumbawe mpaka juzi. Na huyo chewa ametoka mlango wa pili. Hakuna aliyezaliwa hapa! Wamehama tu, mkawaona pamoja."

Hakuna aliyemsikiliza. Zamani mvuvi alizunguka asubuhi nzima kumtafuta samaki mmoja mmoja, na wengi walimponyoka. Sasa walikuwa wamekusanyika mahali pamoja kama waliokuja karamuni. Mmoja akatega dema moja, la kitoweo tu. Jirani yake akaona mbona yeye, akatega mawili. Faki alikataza Jumatatu, na Jumatano dema la shemeji yake likaonekana hapo. Katika mwezi mmoja walivua samaki ambao wangewatosha mwaka mzima. Rundo likawa tupu, na kwa Bibi Tumbawe kukawa kutupu vilevile, kwani wote walikuwa wametoka huko.

Halafu kusi ikaingia na bahari yake mbaya. Vinu na mawe yalikaa yalipowekwa. Majamvi yaliondoka. Mlango uliondoka. Kitanda kilijiinua, kikatembea juu ya mchanga kwa miguu yake minne, kikampiga Bibi Tumbawe ubavuni. Maji yalipotulia, nusu ya Bibi ilikuwa imelala chini, nyeupe, imevunjika.

Pono hakulalamika siku hiyo. Alikaa ubavuni pake upande uliobaki mzima.

"Bado nina watoto wa mwaka huu," Bibi alimwambia, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliwaachia. Wamefika mpaka kwenye vile vinu, wamekuta utelezi na majani yameota kila mahali. Hapana pa kukaa. Nadhani sina zaidi ya miaka miwili, Pono."

Pono aliwaita samaki waliosalia waje kuvikwangua vile vinu. Chewa alisema yeye hali majani, tumbo lake halipatani nayo. Wengine walisema watakuja kesho, na kesho yao mnaijua. Basi Pono akaenda peke yake.

Faki naye alipokiona kitanda chake juu ya mgongo wa Bibi, aliona haya. Aliwakusanya watu akaapa mbele yao kwamba hakuna dema litakaloshuka pale mpaka jiwe liitike, na safari hii alisimamia neno lake. Shemeji yake alilala na njaa kama wengine. Kijiji kizima kilikula muhogo kwa chumvi, na kila siku mtu alikuja pwani kuuliza, "Bwana Pono, limeitika?" Pono akajibu, "Bado." Saa moja baadaye akaja mwingine. "Limeitika?"

"Likiitika nitasema! Niacheni nifanye kazi!"

Alikwangua utelezi juu ya jiwe kwa meno yake, kipande kwa kipande, na kila alipomaliza mahali alipiga hodi, akangoja. Kimya. Meno yake madogo yalivunjika, yakaota, yakavunjika tena, mwisho yakashikana yote yakawa kama mdomo wa kasuku. Mwaka ukapita. Watoto wengine wa Bibi wakaachiwa majini, na Pono, kwa macho yake, aliona vidoa kumi na viwili vimekaa kwenye ukingo wa kinu kimoja. Kila kimoja hakikufika ukubwa wa ukucha. Alivizunguka siku hiyo nzima bila kula, akiogopa hata kuvipumulia.

Asubuhi iliyofuata alipanda karibu na kinu akapiga hodi kwa sauti yake yote.

"Hodi!"

"Karibu!"

Pono alishtuka. Akapiga tena. "Hodi hapa!"

"Karibu, pita ndani!"

Msimlaumu. Alikuwa amechoka, na alikuwa amelingoja neno hilo mwaka mzima. Alikimbia mpaka pwani huku analia na kucheka, akapiga kelele kwamba jiwe limeitika. Watu waliokula muhogo mwaka mzima hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kabla ya adhuhuri madema arobaini yalikuwa yamefungwa mawe na kushushwa juu ya rundo lile, moja juu ya jingine. Pono aliporudi alikuta dema limekalia ukingo wa kinu. Vile vidoa kumi na viwili vilikuwa vimesagika.

"Nani aliitika?" alipiga kelele. "Nani?"

Bi Shumbana, aliyekuwa akipita hapo juu asubuhi ile kwa ngalawa na wenzake kwenda kutafuta kuni kisiwa cha pili, akainua mkono taratibu.

"Ni mimi, mwanangu."

"Wewe jiwe?"

"Si jiwe. Nilisikia hodi." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Sasa mtu akipigiwa hodi ataacha kuitika? Sisi hatukulelewa hivyo."

Pono alimtazama. Wamechimba mwamba, wametupa kitanda, wamevua kila walichokikuta, na yote hayo aliyamudu kwa hasira. Lakini huyu mama amemharibia kila kitu kwa adabu njema. Utamgombeza vipi mtu kwa adabu yake?

"Toeni madema yenu," alisema. "Nami haya ndiyo maneno yangu ya mwisho. Sitapiga hodi tena kwa sauti, maana nikiita, nyinyi mtaitika. Sitasema nanyi tena, wala sitamwamini tena yeyote anayejibu. Nitabisha kwa meno, nione ni nani mwenye adabu za kujibu hodi hizo."

Akazama, na binadamu hakuisikia tena sauti yake.

Watu waliyatoa madema. Waliona aibu kubwa kiasi kwamba hata mitaimbo waliitupa, wakajifunza kupaka nyumba zao udongo. Bibi Tumbawe aliishi mwaka mmoja tu zaidi. Lakini watoto wake wa mwisho walikuta vinu vimekwanguliwa safi na hakuna aliyewagusa. Wakakaa, wakashikana, wakapanda. Siku moja Pono alibisha kwa meno, ko, ko, na ndani ya jiwe sauti changa ikasema, "Karibu."

Pono alisimama. Akatazama juu kama kuna ngalawa. Hapakuwa na ngalawa. Akatazama kulia na kushoto. Kisha akatikisa mkia, akasogea kidogo, akaendelea kubisha.

Na tangu siku hiyo Pono hasemi. Zama chini kwenye mwamba wowote, uliojengwa na Mungu au ulioshushwa na watu, utamsikia, ko, ko, ko, anabisha kwenye mawe kuanzia jua linapochomoza, na jiwe analolitafuna analitoa likiwa mchanga mweupe ambao sisi tunautandikia mikeka. Mawe yanamjibu, naye haamini. Jua likizama anajifunika ute wake mwenyewe kama shuka na kuzimia, na hata ukimshika kwa mkono hatikisiki, kwa vile alivyochoka. Na sisi, mtu wa kwetu asiyeinua hata ufagio akilala mpaka adhuhuri, tunamwambia ana usingizi wa pono. Bahari nzima hiyo, mvivu wa kumfananisha naye tukamwona yeye.