Ngiri Apata Nyumba Jangwani

Nianze nisianze?
Anza!
Nikidanganya?
Tutacheka!
Nikisema kweli?
Hatuamini!

Haya, sogeeni. Na wewe mwenye karanga, tafuna polepole, usinipotezee njia. Hadithi hii siku ya kwanza kuisikia nilishika kichwa, na mpaka leo sijakiachia sawasawa.

Hapo kale palikuwa na jangwa. Jangwa gani? La moto. Mjusi akisimama anainua mguu huu, anashusha ule, anainua ule, anashusha huu. Nzi hatui. Ukitafuta kivuli saa sita mchana hukioni, kimeshaingia chini ya mwenyewe. Huko ndiko alikoishi Mama Panya na wanawe.

Nyumba yao ilikuwa shimo. Shimo gani? Dogo. Dogo kiasi gani? Ukitaka kujigeuza, uombe ruhusa kwa wenzako. Sebule ndiyo chumba, chumba ndicho jiko, jiko ndilo kitanda. Mmoja akipiga chafya, wote wanagongana vichwa. Lakini mlango ukizibwa, ndani mlikuwa na ubaridi, na ubaridi huo ndio mali pekee waliyokuwa nayo.

Kila asubuhi Mama Panya alichota mchanga akaziba mlango, fu, fu, fu. Upepo ukaja ukauzibua, fuuu. Akaziba tena. Ukazibua tena. Watoto wenyewe walikuwa wachanga, ngozi tupu, hawajaota hata unywele mmoja. Jua likiwapata, basi, hana watoto. Ndiyo maana mwanamke yule hakuwa na raha mchana kutwa.

Sasa, pale jangwani alikuwepo Ngiri. Ngiri huyu alikuwa na nguvu, na alikuwa na uroho. Alikuwa amemfukuza Muhanga, yule mchimba mashimo, kwenye nyumba yake nzuri, kubwa, iliyochimbwa kwa jasho. Akaingia yeye. Akaona bado haimtoshi. Akapanua huku, akapanua kule, mpaka dari likamwangukia, puu. Akatoka na vumbi puani, akaanza kutafuta nyumba ya mwingine.

Akafika kwa Mama Panya.

"Hodi."

Mama Panya alikuwa ameupa mlango mgongo, anaziba ufa. Hakugeuka. Hakuuliza ni nani. Mdomo ukajisemea wenyewe: "Karibu."

Mnaona? Mnaona balaa la adabu? Na desturi ya jangwa lile ilikuwa hivi: ukishasema karibu, umesema. Hairudishwi. Mgeni anapewa mahali penye ubaridi, na mwenyeji anatafuta pengine, mpaka mgeni aondoke kwa hiari yake.

"Umenikaribisha," Ngiri akasema. "Toka na watoto wako, niingie."

Mama Panya akageuka. Akaona pembe. Akaona pua. Akaona kichwa peke yake ni kikubwa kuliko nyumba nzima na majirani zake.

"Mzee Ngiri," akasema, "nje kunaungua. Wanangu hawatafika hata kwenye lile jiwe."

"Hilo ni lako. Langu ni karibu yangu."

Mimi hapo nilishtuka, jamani. Mtu mzima, na pembe zake, anataka shimo la vitoto visivyo na nywele. Na hata haya hana.

Mama Panya akainua kichwa. Akamtazama Ngiri usoni, akamtazama ubavuni, akamtazama nyuma. Nyuma akatazama sana.

"Sawa, Mzee wangu. Neno nimelitoa. Ila sikia, ninyi watu wa ukoo wako mnaingiaje ndani?"

"Kinyumenyume," Ngiri akasema, akajivuna. "Makalio kwanza, pembe mlangoni. Hatuupi ulimwengu mgongo."

"Basi ingia hivyohivyo, kama mkubwa mwenzio yeyote. Huko mwisho kuna ukumbi mpana. Mimi nitatangulia na watoto nikuonyeshe njia, ukishafika tutatoka."

Ngiri akajigeuza. Mama Panya akawasukuma wanawe mpaka mwisho kabisa wa shimo, wakabanana ukutani. Ngiri akaleta makalio. Kwaruza, kwaruza, kwaruza.

"Nimefika?"

"Bado, Mzee. Sogea kidogo."

Kwaruza, kwaruza.

"Nimefika?"

"Bado, Mzee. Vuta pumzi, sogea kidogo."

Kwaruza. Mchanga ukamwagika, mlango ukapanuka, makalio yakaingia, yakaingia, halafu yakagoma. Tuli. Giza likaanguka mle ndani.

Nia ya Mama Panya ilikuwa akwame tu, aaibike, aone nyumba haimfai, aage mwenyewe aende zake. Hivyo ndivyo alivyopanga. Lakini akiwa pale gizani, akasikia kitu kilichomduwaza. Hakusikia upepo. Hakusikia mchanga ukimwagika. Watoto, ambao tangu kuzaliwa kwao walikuwa wakihema mchana kutwa, walikuwa wamelala. Joto limezuiwa mlangoni, halipiti hata chembe.

Mama Panya akanyoosha mkono, akayagusa makalio ya Ngiri. Mazito. Manene. Hayapeperuki. Akakaa chini. Maisha yake yote hajawahi kuwa na mlango usiozibuka.

Kutoka nje sauti ikaja. "Wewe Panya. Nimekwama."

"Hujakwama, Mzee. Umefika."

"Na ukumbi uko wapi?"

"Umeukalia."

Ngiri akafikiri kidogo. Nyuma kweli alisikia ubaridi, na mahali palimkaa vizuri. Lakini mbele, jua lilikuwa linamkaanga utosi.

"Kichwa kinaungua huku. Nichimbulie nitoke."

"Nitakuchimbulia, Mzee wangu, sasa hivi. Ila ukitoka, nyumba itabaki wazi. Na Fisi nimemwona asubuhi anazungukazunguka. Yeye atasema hodi, na mimi unajua mdomo wangu."

Ngiri akageuza kichwa huku na huku. Masikio yakamsimama.

"Acha," akasema. "Usichimbue."

Akakaa. Jua likapanda, akakaa. Jasho likamwingia machoni, akakaa. Saa sita kamili Mbuni akapita mbio, akamwona, akasimama ghafla.

"Shikamoo, Mzee Ngiri. Ndiyo umepata nyumba?"

"Marahaba. Yangu hii. Yote."

"Naona umeijaza."

"Nimeijaza," Ngiri akasema, akavimba kwa majivuno. Alipovimba, ule upenyo wa mwisho uliobaki nao ukazibika.

"Na hao ninaowasikia wakikoroma ndani?"

"Wapangaji."

Mle ndani mtoto mmoja akaamka. "Mama, sisi ni wapangaji?"

"Lala," Mama Panya akasema. "Ubaridi umeupata au hujaupata?"

"Nimeupata."

"Basi lala."

Jua liliposhuka na mchanga ukapoa, Mama Panya akachimbua pembeni, kwaru, kwaru, kwaru. Ngiri akachomoka, pwaa, akaenda kutafuta mizizi, shingo ngumu, utosi mwekundu. Mama Panya akatoka kuutazama mlango wake. Akaweka mkono mdomoni.

Mlango ulikuwa shimo kubwa. Upana wa makalio ya Ngiri, kamili. Akachota mchanga akarusha, ukapotea. Akachota tena, ukapotea. Hata angechota jangwa zima, lisingetosha kuziba pale. Ubaridi wa wanawe sasa ulikuwa mikononi mwa yule yule aliyetaka kuwaua, na kama hatarudi asubuhi, jua litaingia moja kwa moja mpaka ukutani.

Kulipopambazuka akawa amesimama nje, anatazama njia. Jua likachungulia. Ngiri hayupo. Jua likapanda kidogo. Hayupo. Mchanga ukaanza kupata moto, watoto wakaanza kuhema. Mama Panya, mimi nawaambia, alilia. Alilia kwa sababu mjanja naye hufika mahali akawa hana la kufanya.

Ndipo akaona vumbi. Ndani ya vumbi akaona mkia, umesimama wima. Ngiri anakuja mbio, povu mdomoni.

"Nimechelewa? Kuna mtu ameingia? Fisi amesema hodi?"

"Bado, Mzee," Mama Panya akasema, akijifuta machozi upesi. "Lakini ilibaki kidogo."

Ngiri akajigeuza. Kwaruza, kwaruza, kwaruza. Giza. Ubaridi. Kimya. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa siku hiyo, na kesho yake, na kiangazi chote, mpaka watoto wakaota manyoya.

Siku moja Mbuni akapita tena. Akamsalimia mwenye nyumba, akaitikiwa. Akaisifu nyumba, Ngiri akavimba. Kisha Mbuni, kwa udaku tu, akauliza: "Hebu niambie, Mzee. Ndani kukoje?"

Ngiri akafungua mdomo. Akaufunga. Akafikiri mpaka jasho likamdondoka puani. Tangu ahamie, kila siku anaingia kinyumenyume na kutoka akitazama mbele. Nyumba yake hajawahi kuiona.

"Kuna ubaridi," akasema mwishowe. "Upande wa nyuma."

Sasa funzo, maana najua kuna wanaosubiri funzo. Funzo ni hili: ukimwona mnyonge ana kijumba, mnyang'anye. Utakipata, na wapita njia watakuamkia shikamoo. Na ninyi watoto, semeni kweli siku zote, kama Mama Panya.

Mimi nimefika mwisho. Kuna mwenye swali?
Hatuna!
Mliamini?
Hata kidogo!
Basi nipeni maji, koo limekauka kwa lile jua.